Shija na Gari la Milango Miwili

Tangu nikabidhi gereji, mgongo umepata nafuu na mdomo ndio umepata kazi. Vijana niliowaachia banda pale Kalangalala, mjini Geita, hunipigia simu kuniuliza hili na lile, na mke wangu amechoka kunisikia nikieleza gasketi ya hedi wakati wa kula. Ni yeye aliyesema niandike. Habari za vyeo hamtazikuta humu, maana gereji haina vyeo. Ina mwenye spana na anayeazima. Habari za fedha nazo nitazipita, isipokuwa pale ambapo gari haliwezi kuelezwa bila bei yake.

Nilianza kazi Shinyanga mjini, kwenye gereji iliyokuwa ikitengeneza malori ya pamba. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe. Fundi aliyenipokea aliitwa Athumani, mtu mfupi, mwenye sugu ya kusujudu katika paji la uso, na mikono iliyokuwa mikubwa kuliko yeye mwenyewe. Alilitazama shati langu, akanisogezea karai la dizeli lililojaa boliti, akasema, "Osha." Niliosha boliti miezi minne. Mwezi wa tano aliniambia, "Sogea uone," nami nikaona kwa mara ya kwanza ndani ya injini iliyofunguliwa. Katika miaka tisa niliyokaa naye sikumbuki aliwahi kunisifu. Akiridhika alikuwa anasema "haya", asiporidhika ananyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko jeki ya tani ishirini.

Athumani ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini anauweka sikioni, kisha anafumba macho. Kwa njia hiyo alikuwa anajua beringi ipi inalia na vali ipi imelegea. Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye nilifanya hivyo hivyo maisha yangu yote, na sikio langu la kulia limekufa nusu kwa sababu hiyo.

Jambo jingine alilonifundisha lilihusu magari ya mkononi. Watu walikuwa wakija kumwomba akawakagulie gari kabla hawajanunua. Alikuwa anakagua kwa saa nzima, halafu anamwita mnunuzi pembeni na kumwambia alichokiona: hapa pana kutu, hapa pamechomelewa, oili ina rangi hii. Basi. Mtu akimuuliza, "Sasa ninunue nisinunue?" alikuwa anajibu, "Gari ni lako, mimi si baba yako." Niliona ni ukavu wa roho tu.

Nilihamia Geita wakati dhahabu ilipoanza kuvuta magari. Mtu aliyepata mawe mazuri alikuwa ananunua gari kabla ya kununua kitanda. Magari yalikuwa yanakuja kutoka Mwanza, kutoka Kahama, mengine hatujui yalikotoka, yote yamepigwa rangi yaking'aa kama sahani ya harusi. Wanunuzi walianza kunifuata. Nilikuwa na tochi, bisibisi yangu, na kisumaku nilichokishonea kitambaa ili kisikwaruze rangi. Sumaku ikishika, hapo pana bati. Ikiteleza na kuanguka, hapo pana puti, ule udongo wa kuzibia bati lililobonyea, na penye puti pana ajali iliyofichwa.

Nyinyi vijana mna mashine za kusoma injini siku hizi, lakini vitu vingine mashine haisomi. Kabla muuzaji hajawasha gari, wekeni kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, mjue amelichemsha makusudi ili lisikohoe mbele yenu. Tazameni raba za pedali. Mita inaweza kurudishwa nyuma, lakini raba iliyolika haioti tena. Nyanyueni kapeti, mnuse. Kuna mwalimu mmoja alinunua gari bila kuninusisha kapeti, ikawa gari hilo liliwahi kulala ndani ya mto. Kila mvua ikinyesha taa zake zilikuwa zinawaka zenyewe. Majirani walidhani ni uchawi, naye aliona afadhali wadhani hivyo.

Kwa kazi hiyo nilipata jina. Na jina, likikaa sana kichwani, linakufanya usahau ulivyofundishwa. Miaka ilivyokwenda sikuwa tena naeleza nilichokiona. Nilikuwa natamka hukumu. "Chukua." "Achana nalo." Watu walipenda hivyo, mimi nilipenda zaidi, na wauzaji waliniogopa.

Nilikuwa hivyo siku Shija alipofika gerejini.

Ilikuwa asubuhi, mwanzo wa kiangazi. Alisimama nje ya banda akanisalimu kama tunavyosalimiana kwetu, "Mwangaluka, fundi," halafu akakumbuka umri wangu akaongeza, "Shikamoo." Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, shati limemlegea mabegani. Alikuwa anakohoa. Sikulitilia maanani hilo, kwa sababu Geita kiangazi nani asiyekohoa.

Aliniambia yeye ni mtu wa Masumbwe, ana mke na binti mmoja, Pendo. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na saba kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwanza kama kibarua, mwishowe akawa na hisa katika karasha yenyewe. Sasa ameuza hisa yake.

"Nataka gari," alisema.

"La biashara?"

"Hapana. Nataka gari la spoti. La milango miwili, gia za mkono, lililo chini chini." Akashusha kiganja kunionyesha. "Nina milioni tisa. Haizidi hapo."

Nilimwambia ukweli, kwamba kwa milioni tisa gari la namna hiyo atapata kelele tu. Magari hayo huendeshwa na vijana wanaoyakimbiza mpaka yanalia, na yakifika sokoni kwa bei hiyo yanakuwa yamebaki ganda. Nilimshauri anunue gari la kawaida, la milango minne, abebe familia na magunia.

Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi juu ya tairi. Akanieleza kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya barabara kuu. Siku moja ng'ombe waliingia barabarani, na gari jeupe la milango miwili likasimama. Dereva hakupiga honi. Alizima injini, akangoja ng'ombe wote wavuke, mmoja mmoja, halafu akampungia mkono na kusema "wabeja", yaani asante, kama vile Shija ndiye aliyemfanyia hisani. Kisha akawasha, akaondoka.

"Ile sauti, fundi," alisema. "Ilipanda, ikapanda, ikabadilika, ikapanda tena. Nilibaki nimesimama mpaka ng'ombe wakaingia shambani mwa watu. Baba alinichapa."

Nilikubali kumtafutia.

La kwanza tulilipata palepale Geita mjini, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama. Jekundu, gia tano, bei ndani ya uwezo wake. Shija alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Mimi nikalala chini yake na tochi. Injini ilikuwa nzima, gia zinaingia vizuri. Lakini sumaku yangu ilianguka upande wote wa kushoto, na chini nikaona mshono wa kuchomelea. Gari liligongwa, likanyooshwa.

Nilimvuta pembeni. "Achana nalo."

"Haliendi?"

"Linakwenda. Lakini limepinda. Baada ya mwaka, mwaka na nusu, litaanza kula tairi upande mmoja, boshi, zile raba za miguu yake, zitakufa, na hutapata wa kumuuzia."

"Mwaka na nusu," alisema taratibu. Aliliendea, akaweka kiganja juu ya paa lake, akakaa hivyo kidogo. "Sawa, fundi. Wewe ndiye unayejua."

La pili lilikuwa Runzewe, na hapo mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza. Tulikutana stendi, nikamwona amekonda. Nilimwuliza kama anaumwa. Alisema ni kifua tu, anatumia dawa. Tulipofungua kifuniko cha oili nilikuta utando mweupe kama maziwa, maana yake maji yalikuwa yanaingia kwenye oili, gasketi ya hedi imekwisha. Nilimwambia hilo linatengenezeka, bodi yake ni safi, tukilinunua kwa bei ya chini litakaa gerejini miezi miwili au mitatu tukingoja spea kutoka Dar.

"Miezi mitatu hapana," alijibu haraka.

"Shija, haraka ya nini? Gari si uji kwamba litapoa."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akainama ameshika magoti. Mwenye gari alimletea maji. Nilisimama pale nimeshika kile kifuniko cha oili, macho yangu yakiwa kwenye ule utando mweupe. Mimi, ambaye nilikuwa najisifu kwamba nasikia beringi inayoanza kulia kabla haijalia, nilisimama hatua mbili kutoka kwa mtu huyo na sikusikia kitu.

La tatu nililipata Kahama baada ya miezi mingine minne. Lilikuwa la mama mmoja mwenye duka la dawa, aliyekuwa akiliendesha kwenda kanisani Jumapili na kulifunika turubai siku sita zilizobaki. La kijivu, milango miwili, gia tano. Nililikagua kwa muda mrefu nikitafuta kosa, na nakiri nilipolikosa kosa hilo niliona kama gari limeninyima kitu. Raba za pedali zilikuwa karibu mpya. Nilipoweka bisibisi sikioni, injini ilikuwa inapumua tu. Yule mama alikuwa anataka milioni kumi na moja, lakini nilipomweleza anayelitaka ni nani na habari ya ng'ombe barabarani, alisema tisa inatosha.

Nilimpigia Shija nikiwa nimesimama palepale. Simu ilipokelewa na mwanamke.

"Shikamoo, baba. Mimi ni Mama Pendo."

"Marahaba, mama. Mwambie Shija gari limepatikana. Safari hii sina neno."

"Njoo kwanza nyumbani," alisema.

Nilipanda basi mpaka Masumbwe. Mama Pendo alinipokea barabarani, mwanamke mwembamba, amejifunga khanga kiunoni kama mtu aliyetoka kufanya kazi na bado hajamaliza. Hakunipeleka ndani moja kwa moja. Alisimama chini ya upenu wa nyumba ya jirani.

"Fundi, kabla hujamwona. Daktari alisema vumbi la mawe limegandisha mapafu yake. Alisema hakuna dawa ya kuyarudisha. Alimpa mwaka, Mungu akijalia."

"Lini?"

"Kabla hajaja kwako."

Kisha aliongeza kwa sauti ya chini, bila kunikaripia, na afadhali angenikaripia. "Wewe ulikuwa unamtafutia gari la kudumu miaka kumi. Kila aliporudi alikuwa ananiambia, fundi amelikataa, fundi anajua. Nilitaka kukupigia simu. Aliniapisha nisikwambie."

Shija alikuwa ameketi juu ya godoro barazani, mgongo ukutani, kwa sababu akilala pumzi inakata. Miguu yake ilikuwa kama mipini ya jembe. Aliponiona alitabasamu, na tabasamu ndilo pekee nililolitambua.

"Rangi gani?" aliuliza.

"La kijivu."

"Gia?"

"Tano. Zinaingia kama kisu kwenye papai."

Alifumba macho. Nilimwambia, na sijui kama nilikuwa na haki ya kusema, kwamba labda fedha hizo ziwasaidie Mama Pendo na mtoto. Mama Pendo ndiye aliyejibu, akiwa mlangoni. "Nyumba ipo, mashamba yapo. Hizo ni za gari. Tulishazungumza."

"Kalilete," alisema Shija.

Nililileta kesho yake mchana. Majirani walitoka kulitazama. Tulimbeba, mimi na kaka yake, tukamweka kiti cha kushoto tukakilaza kidogo ili apate kupumua. Lakini alisema anataka kwanza kukaa upande wa dereva. Tukamhamisha. Alishika usukani kwa mikono miwili, akakanyaga mafuta kidogo, injini ikapanda, akaachia, akakanyaga tena. Kisha alijaribu klachi. Mguu wake ulisukuma, pedali ikashuka nusu, ikamrudisha. Alijaribu mara ya pili kwa miguu yote miwili.

"Ngumu," alisema.

"Nitailegeza," nilimwambia. Ilikuwa klachi nyepesi kuliko zote nilizowahi kukanyaga.

Basi tukamrudisha kiti cha kushoto, nikaendesha mimi. Nilimwambia aweke mkono wake wa kulia kwenye mti wa gia, na mimi nitakanyaga klachi. Nikitaja namba, yeye aingize. Tulitoka taratibu mpaka lami, tukageuza kuelekea Ushirombo. Barabara ilikuwa na malori ya masafa ya mbali, lakini mchana huo yalikuwa yamepungua.

"Mbili," nilisema. Akaingiza. Alikuwa anaogopa kuikwaruza.

"Tatu."

Injini ilipanda. Nilimtazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi, anavuta hewa ya dirishani ambayo haikuwa inamfikia.

"Nne," alisema yeye, kabla yangu. Nikakanyaga klachi. Akaingiza.

Kutoka hapo sikutaja namba tena. Alikuwa anasikiliza injini, na mara zote alikuwa sahihi. Alikuwa anataja gia sekunde ileile ambayo mimi ningeitaja, na mara moja, nyuma ya lori la mbao, alitaja mapema kuliko mimi na yeye ndiye aliyekuwa sawa. Nimefundisha watu wengi kusikiliza injini. Wachache wana sikio lile, na kazi yake yote ilikuwa kwenye karasha, ambako huwezi kusikia hata jina lako.

Tuligeuza baada ya nusu saa. Tulipofika alikuwa amechoka hata kupumua. Tukamrudisha barazani, gari nikaliegesha mbele yake, mahali anapoweza kuliona.

Alifariki siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, Mama Pendo akiwa anamnywesha uji.

Nilikwenda kumzika, na baada ya mazishi sikurudi kwangu. Nilikaa matangani siku tatu, watu wakadhani mimi ni ndugu. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta nafasi ya kuzungumza na mjane. Siku ya nne, watu walipopungua, nilimkuta anakosha masufuria makubwa ya kuazima. Niliketi kwenye kigoda, nikamwambia nililolibeba tangu siku ile ya upenuni.

"Mama Pendo, lile gari la kwanza, lile jekundu. Lilikuwa linakwenda. Kwa mwaka mmoja lisingemsumbua. Angeliendesha mwenyewe, kwa miguu yake. Nilimnyima miezi yote ile kwa sababu ya mshono wa kuchomelea. Sikumuuliza analitaka la muda gani. Sikuuliza."

Aliendelea kusugua.

"Alilirudia," alisema.

"Nani?"

"Shija. Wiki mbili baada ya wewe kulikataa. Alikwenda Geita peke yake, mwenye gari akamkalisha ndani, akamwambia chukua, nakupunguzia. Alirudi nyumbani bila gari. Nikamwuliza, si ungelinunua tu? Wewe unajua hesabu ya siku zako, fundi haijui." Alimwaga maji machafu pembeni, akaminya kitambaa. "Akasema, nikilinunua itabidi nimweleze fundi kwa nini, na litakuwa gari la mtu anayekufa. Kila mtu siku hizi ananiangalia kama mtu anayekufa, hata wewe, Mama Pendo. Yule mzee peke yake ndiye anayenigombeza kuhusu miaka kumi ijayo. Akasema, niachie huyo mmoja."

Wengine wakisikia habari hii huniambia basi, hukukosea, mwenyewe alitaka iwe hivyo. Labda. Mimi nimeigeuza kila upande kwa miaka hii na sijapata mahali pa kuisimamisha. Alitaka, ndiyo. Na mguu wake haukufika chini ya klachi, hilo nalo ndiyo. Nilifanya kazi miaka mingine kadhaa baada ya hapo, na nikarudia desturi ya Athumani ya kusema nilichokiona na kunyamaza. Wanunuzi hawakufurahi. Walisema fundi amezeeka, anaogopa kutoa neno.

Mama Pendo alipomaliza masufuria aliyapanga juani, akajifuta mikono kwenye khanga. Alitazama upande wa barabara, halafu akanitazama.

"Baba, nisaidie jambo moja. Lori la matofali ya kujengea kaburi linakuja mchana huu, na gari limeziba njia. Hapa hakuna mwingine anayeweza kulisogeza."

Alinipa ufunguo. Gari lilikuwa na vumbi, na kiti cha kushoto bado kilikuwa kimelazwa kama tulivyokilaza. Sikukigusa. Niliketi kwenye usukani, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikawasha. Liliwaka mara moja, safi, bila kukohoa hata kidogo.